Guqin: ubao wa nyuzi saba unaopigwa kwa ajili ya msikilizaji mmoja

Mwenda Hanyang (mleta uzi):

Wakuu, heshima kwenu. Jambo hili nimekaa nalo kifuani muda mrefu, leo nimeona nilianzishie uzi. Uzi ni mrefu, nitauleta kwa vipande, mwenye swali aulize tu katikati.

Nimekaa Wuhan, Uchina, miaka minne kimasomo. Watu wakiniuliza nilichokiona kule wanategemea niwaeleze maghorofa na treni za kasi. Mimi kilichonishika ni ubao mmoja mweusi, urefu wake kama sentimita 120, yaani kimo cha mtoto wa miaka saba, umelazwa juu ya meza na umetandikwa nyuzi saba. Unaitwa guqin. Tamka "gu-chin". Jina lake la asili ni qin peke yake. Hiyo "gu" maana yake ni "ya kale", na imeongezwa baadaye kwa sababu ala nyingi nyingine nazo zilianza kuitwa qin, mpaka piano.

Niliiona mara ya kwanza mtaa wa Hanyang, chumbani kwa mwalimu mmoja, mama wa makamo. Wuhan wakati wa kiangazi ni tanuri, lakini yule mama alifunga dirisha, akazima feni, ndipo akakaa. Akacharaza uzi mmoja kwa mkono wa kulia. Kidole gumba cha kushoto kikaanza kuteleza juu ya uzi uleule, kutoka kushoto kwake kwenda kulia. Sauti ikapungua, ikapungua, ikafa. Nikadhani amemaliza, nikataka kupiga makofi. Kumbe kidole bado kinatembea. Nikainama. Nikasikia mkwaruzo mdogo wa ngozi juu ya uzi wa hariri, na ndani ya mkwaruzo ule, kwa mbali sana, sauti ilikuwa bado inapanda kwenda kituo chake.

Tangu siku ile sijawahi kusikiliza muziki kama nilivyokuwa nikisikiliza zamani. Ndiyo sababu ya uzi huu.

Ngoma Nzito:

Mkuu, hii si ndiyo ile tunayoiona kwenye filamu za Kichina, dada amekaa anapiga kwa kasi na majani yanapeperuka?

Mwenda Hanyang:

Mara nyingi ile ni guzheng, mkuu. Tofauti ni kubwa na ni vizuri tuiweke sawa mapema.

Guzheng ya siku hizi ina nyuzi 21, na kila uzi umesimamishwa juu ya kidaraja chake. Sauti yake inang'aa, inajaza ukumbi. Guqin haina vidaraja. Nyuzi zake saba zimepita moja kwa moja juu ya ubao kutoka kichwani hadi mkiani, na mkono wa kushoto unabonyeza uzi juu ya mbao yenyewe, popote. Sauti yake ni ndogo. Ukikaa mita tano na mtu akawa anasonga ugali jikoni, nusu ya muziki imekupita.

Huo udogo wa sauti haukutokana na fundi kushindwa. Karne na karne ilikuwa ala ya wasomi, mojawapo ya mambo manne aliyotakiwa mtu aliyeelimika ayajue: qin, bao la weiqi, maandishi ya brashi na uchoraji. Mtu alipiga chumbani kwake, au kando ya maji, au mbele ya rafiki mmoja. Tao Yuanming, mshairi wa karne ya 4 na ya 5, inasimuliwa alikuwa na qin isiyo na nyuzi kabisa. Akishakunywa na marafiki alikuwa anaipapasa tu, akisema anayeifahamu ladha ya qin hahitaji kelele za nyuzi.

Dada wa Chumbageni:

Naomba utueleze inavyotengenezwa. Mimi baba yangu ni seremala, nasoma huu uzi naye kaka.

Mwenda Hanyang:

Shikamoo yake mzee. Hapa atafurahi.

Ni mbao mbili zilizogandanishwa. Ya juu ni laini na nyepesi, kwa kawaida mti wanaouita tong. Inachongwa mgongo wa duara kidogo. Ya chini ni ngumu zaidi, mti wa zi, na ni bapa. Juu ni mbingu, chini ni ardhi, ndivyo wanavyosema. Katikati pana uwazi, na sauti inatokea kwa chini, kwenye matundu mawili marefu: kubwa linaitwa Bwawa la Joka, dogo Bwawa la Feniksi. Kwa hiyo sauti haimrukii msikilizaji usoni, inashuka mezani kwanza.

Halafu mzee atapenda hili. Mbao ikishachongwa haipakwi rangi ya dukani. Inapakwa utomvu wa mti wa laka uliochanganywa na unga wa pembe ya kulungu, tabaka juu ya tabaka, kila moja inasubiriwa ikauke na kupigwa msasa. Ule ukoko ndio unaokuwa mgumu kiasi cha kuvumilia vidole kuteleza miaka mia tatu. Na ukizeeka unapasuka nyufa nyembamba sana, ambazo mafundi wanazisoma kama tunavyosoma mikunjo ya uso wa mzee. Kuna "tumbo la nyoka", kuna "nywele za ng'ombe", kuna "ua la mplamu". Zipo guqin za enzi ya Tang zilizotengenezwa na ukoo wa mafundi wa Lei kutoka Sichuan, zina zaidi ya miaka elfu moja. Mojawapo, Jiuxiao Huanpei, iko makumbusho ya kasri la kifalme Beijing.

Pembeni mwa ubao kuna vidoa 13, mara nyingi vya gamba la chaza. Wanasema ni miezi 12 na mwezi wa nyongeza. Kazi yake halisi ni hesabu: kila kidoa kinaonyesha mahali uzi unapogawanyika nusu, theluthi, robo na kuendelea. Ukigusa uzi juu ya kidoa bila kubonyeza na kuuachia papo hapo, unapata mlio mwembamba kama kengele ya mbali. Huo ni mlio wa mbingu. Uzi ulioachwa wazi ni mlio wa ardhi. Uzi uliobonyezwa na kuteleza ni mlio wa binadamu, kwa sababu huo ndio unaotetemeka, unaolia, unaosita.

Hadithi moja ya mbao kabla sijasahau. Cai Yong, msomi wa karne ya 2, alisikia kuni zinalia jikoni kwa watu. Kwa mlio tu wa moto akajua ile ni mbao njema, akaichomoa ikiwa imeshaanza kuungua, akaitengenezea qin. Mkiani palibaki pameungua, nayo ikaitwa Mkia Ulioungua.

Dada wa Chumbageni:

Mzee anasema huyo Cai Yong alikuwa seremala kweli. Ila mbona wote unaowataja ni wanaume? Wanawake hawakupiga?

Mwenda Hanyang:

Walipiga dada, na aliyenifundisha mimi ni mwanamke. Huyohuyo Cai Yong alikuwa na binti, Cai Yan, wengi wanamjua kwa jina la Cai Wenji. Inasimuliwa kwamba usiku mmoja akiwa bado mtoto mdogo, baba yake anapiga chumba kingine, uzi ukakatika. Mtoto akasema: wa pili. Baba akadhani amebahatisha, akakata mwingine makusudi. Mtoto akasema: wa nne. Akakua akawa mshairi mkubwa na maisha yake yalikuwa mazito, alitekwa na kukaa miaka mingi ugenini kaskazini.

Mwana wa Gitega:

Ndugu yangu, umenigusa. Kwetu Burundi tuna inanga. Ni ubao uliochimbwa kama chano, uzi mmoja unazungushwa kwenye meno ya pande mbili mpaka zinapatikana nyuzi saba, nane au zaidi. Na kuna inanga ya kunong'ona: mzee anapiga na anasimulia kwa kunong'ona, haimbi kwa sauti. Kwa sababu inanga ina sauti ndogo, ukipaza yako unaiua. Babu yangu alikuwa akipiga usiku, sisi watoto tunakatazwa hata kukohoa. Nimesoma habari ya feni kuzimwa nikamkumbuka.

Mwenda Hanyang:

Asante sana kwa hili, ndugu. Sijui kama babu yako na wale wasomi wangeelewana kwa lugha, lakini kwa kukatazana kukohoa wangeelewana siku ya kwanza. Uliwahi kufundishwa?

Mwana wa Gitega:

Hapana. Vita vilitutawanya kabla. Inanga yake sijui iko wapi.

Mwenda Hanyang:

Pole sana, ndugu yangu. Basi ninachotaka kukieleza sasa nitakieleza nikiwa na wewe moyoni, kwa sababu ndicho kiini cha uzi.

Wachina waliandika muziki wa qin mapema mno. Hati ya kale kabisa iliyopo ni ya wimbo unaoitwa Youlan, "Okidi ya Faraghani", unaohusishwa na mpigaji aliyeitwa Qiu Ming, aliyefariki mwaka 590. Gombo lenyewe lilinakiliwa karne ya 7 na sasa liko Tokyo. Limeandikwa kwa sentensi nzimanzima: weka kidole fulani mahali fulani, vuta uzi fulani. Baadaye, enzi ya Tang, wakafupisha. Wakachukua vipande vya herufi na kuvibananisha kuwa herufi moja. Kwa mfano, juu inakaa alama ya "kubwa", maana yake gumba la kushoto, na pembeni yake "tisa", yaani kidoa cha tisa. Chini kuna alama ya ndoano, yaani kidole cha kati cha kulia kivute kwa ndani, na ndani ya ndoano "tatu", uzi wa tatu. Herufi moja, na mikono yote miwili imeshapewa kazi.

Sasa angalieni kinachokosekana. Muda. Hakuna mahali panapokuambia ushike sauti hiyo kwa kiasi gani, wala wapi uharakishe. Vidole vimeandikwa vyote, pumzi haikuandikwa. Nyakati za kawaida haikuwa shida, kwa sababu mwalimu alikuwa amekaa mkabala na mwanafunzi, wote wanapiga pamoja, na pumzi ilihama mtu kwa mtu. Lakini mwalimu akifa bila mwanafunzi, wimbo unabaki karatasini kama mifupa. Anayetaka kuufufua anakaa na herufi zile, anajaribu, anaacha, anarudi. Kazi hiyo inaitwa dapu. Wapigaji wana msemo wao: wimbo mdogo miezi mitatu, wimbo mkubwa miaka mitatu.

Chukueni Guangling San. Karibu mwaka 262, Ji Kang, mmoja wa wasomi waliojulikana kama Saba wa Msitu wa Mianzi, alihukumiwa kifo kule Luoyang. Wanafunzi elfu tatu wa chuo cha kifalme waliomba aachiwe awe mwalimu wao, wakakataliwa. Akiwa uwanja wa kuuawa akatazama kivuli cha jua, akaona muda bado upo kidogo, akaomba qin yake, akapiga Guangling San. Alipomaliza akasema kuna mtu aliwahi kumwomba amfundishe wimbo ule naye akamnyima, na sasa wimbo umekwisha.

Haukwisha wote. Mwaka 1425, mwanamfalme wa Ming aliyeitwa Zhu Quan alichapisha kitabu cha nyimbo za qin, Shenqi Mipu, baada ya kukishughulikia miaka 12. Ndicho kitabu cha zamani kuliko vyote vya aina hiyo kilichobaki. Ndani yake mna Guangling San, sehemu 45, na uzi wa pili unalegezwa mpaka ulingane na wa kwanza. Ukiupiga hivyo, sauti mbili nzito zinagongana kama hatua za mtu anayekuja kwa ghadhabu. Ni wimbo unaohusishwa na Nie Zheng, mtu aliyemuua mtawala.

Zhu Quan ni mdogo wake mfalme Yongle, baba mmoja. Wale wa Malindi mnamfahamu, ndiye aliyepelekewa twiga kutoka kwenu mwaka 1415. Ndugu mmoja alikuwa anapokea twiga, mwingine amewekwa kando kule Nanchang, mbali na siasa, anakusanya nyimbo. Kwa upande wangu, huyu wa pili ndiye aliyeacha kitu kikubwa zaidi.

Miaka ya 1950 mpigaji wa Beijing, Guan Pinghu, alikaa chini na zile herufi akaufufua Guangling San, na Youlan pia. Alikuwa mchoraji na mtu wa kipato kidogo. Tukisikiliza leo, hatusikii alivyopiga Ji Kang hasa. Tunasikia vidole vya Ji Kang na pumzi ya Guan Pinghu.

Ngoma Nzito:

Nimesoma mara mbili. Sasa hao wapigaji bado wapo?

Mwenda Hanyang:

Nusura waishe. Mwaka 1956 Zha Fuxi aliongoza safari ya kuzunguka miji ya Uchina kuwatafuta wapigaji na kuwarekodi, akiwa na Xu Jian na Wang Di. Huyo Wang Di ni mwanamke, dada wa Chumbageni, na ni mwanafunzi wa Guan Pinghu. Katika nchi kubwa vile, waliopatikana hawakufika mia. Miaka kumi baadaye yakaja Mapinduzi ya Utamaduni, na ala ya wasomi wa zamani ikawa kitu cha kuficha. Hata nyuzi za hariri zikapungua, zikaingia za chuma zilizovishwa nailoni, ambazo ndizo wengi wanatumia mpaka sasa. Zina nguvu na hazikatikikatiki, lakini ule mkwaruzo niliousimulia mwanzo karibu wote unapotea.

UNESCO iliutambua urithi huu mwaka 2003, na ilipouandikia ilisema wapigaji waliofunzwa vizuri hawafiki elfu moja na mabingwa pengine hawazidi hamsini. Tangu hapo vijana wamerudi kwa wingi. Nimewaona Wuhan, wengi tu, wanakuja na ala zimefungwa kwenye mifuko mirefu mgongoni. Na pesa imekuja pia: mwaka 2010 qin iliyokuwa ya mfalme Huizong wa Song iliuzwa mnadani Beijing kwa zaidi ya yuan milioni 136. Mimi hiyo pesa hainisisimui. Qin iliyofungiwa kabatini ni mbao.

Mpenda Kanuni:

Assalaam alaykum. Mimi ni wa Unguja, napiga kanuni kwenye taarabu. Yetu ina nyuzi zaidi ya sabini na tunavaa pete za kucharazia vidoleni. Nauliza, mwanafunzi anaanzaje? Sisi tunaanza na maqam, yaani ngazi za sauti.

Mwenda Hanyang:

Waalaykum salaam, sheikh. Mimi nilianza na uzi mmoja, wazi, bila kubonyeza. Wiki tatu. Kidole cha kati kinavuta kwa ndani, kinasimama, kinavuta. Kucha inatakiwa itokeze kidogo tu, ili uzi uguse nyama kwanza halafu kucha. Ukigusisha kucha peke yake, mlio unakuwa mkavu. Kidole kidogo hakitumiki, mkono wowote. Wiki ya pili nikamwambia mwalimu: mama, hii nimeshaielewa, tusonge mbele. Hakunijibu. Akanisimulia habari ya Confucius.

Confucius alikuwa anajifunza qin kwa Shi Xiang. Siku kumi yuko kwenye wimbo mmoja. Mwalimu akamwambia sasa tusonge. Akajibu: wimbo nimeujua, ila ufundi wake bado. Baadaye akaambiwa, ufundi umeupata, tusonge. Akajibu: nia yake bado. Akaambiwa, nia umeipata. Akajibu: mtu mwenyewe aliyeutunga bado sijamjua. Akaendelea, mpaka siku moja akanyanyua uso akasema nimemwona: ni mweusi, mrefu, macho yake yanatazama mbali, kama anayetawala pande zote nne. Nani huyu kama si Wen, yule mfalme wa kale? Shi Xiang akainuka kwenye mkeka wake, akamwinamia mwanafunzi. Alikuwa hajawahi kumwambia, lakini yeye alivyofundishwa, wimbo ule ulikuwa wa mfalme Wen.

Nikarudi kwenye uzi wangu mmoja.

Mpenda Kanuni:

Mashaallah. Na kwa nini Hanyang hasa? Naona umejiita hivyo.

Mwenda Hanyang:

Kwa sababu ya Boya na Zhong Ziqi, sheikh. Boya alikuwa mpigaji. Akipiga huku moyoni anawaza milima, Ziqi anasema: mlima mrefu ulioje! Akiwaza maji, Ziqi anasema: maji yanakwenda namna gani! Hakuna kingine alichokuwa anamwambia. Ziqi alipofariki, Boya akakata nyuzi, akaivunja qin, hakupiga tena mpaka mwisho wa maisha yake. Kutoka hapo Wachina wana neno zhiyin, "anayeijua sauti", na mpaka leo ndilo wanalomwitia rafiki wa ndani kabisa. Hanyang kuna banda la kumbukumbu la hao wawili, Guqintai. Chumba cha mwalimu wangu kilikuwa umbali wa kutembea.

Na lile wazo la maji la Boya limekuwa wimbo, Liushui, "Maji Yatiririkayo". Mwaka 1977 Wamarekani walipotuma vyombo vya Voyager angani na sahani za dhahabu zenye sauti za dunia, mtunzi Chou Wen-chung aliwashauri waweke Liushui ya Guan Pinghu. Ina dakika saba na sekunde 37, hakuna kipande cha muziki kirefu zaidi humo. Guan Pinghu alikuwa amefariki miaka kumi kabla. Kwenye sahani hiyohiyo, mwana wa Gitega, kuna wasichana wa Kimbuti wa msitu wa Ituri, Kongo, wakiimba wimbo wa unyago wao. Wanasafiri pamoja na yeye.

Ngoma Nzito:

Mkuu nimeitafuta hiyo Liushui. Nimevaa spika za masikioni, taa nimezima. Mwanzo sikuelewa kitu. Katikati pale maji yanapochafuka, vidole vinazunguka nyuzi zote, nikakaa kitako. Ila kuna kitu kinakwaruza muda wote, nikadhani rekodi mbovu.

Mwenda Hanyang:

Hapo maji yanapochafuka panaitwa mizunguko 72, aliiongeza Zhang Kongshan wa Sichuan karne ya 19. Na rekodi si mbovu, mkuu. Hicho kinachokwaruza ni gumba la Guan Pinghu, juu ya hariri.

Mwana wa Gitega:

Na mimi nimeisikiliza. Nimempigia mama simu kumuuliza ile inanga ya babu ilibaki kwa nani.